Usiulize chuo gani kizuri, uliza darasa lina watu wangapi na utalala wapi

Mbeba Madesa (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema?

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka napata swali lile lile kutoka kwa wadogo zangu, watoto wa shangazi, mpaka watoto wa majirani: "Kaka, chuo gani kizuri?" Dirisha la udahili likifunguliwa tu, watu wanajaza vyuo kwa kufuata jina na picha za mahafali za Instagram. Nimeona niandike hapa mara moja, nikiulizwa tena natuma kiungo. Wenye uzoefu tofauti karibuni, mniongezee au mnipinge.

Mimi msimamo wangu ni kwamba kwa anayeingia mwaka wa kwanza hakuna chuo kizuri wala kibaya. Kuna kozi, kuna idadi ya watu darasani, na kuna kitanda. Watu wawili wanaweza kumaliza chuo kimoja, mwaka mmoja, wakavaa majoho siku moja, halafu wakasimulia habari zisizofanana hata chembe, na wote wakawa wanasema kweli.

Nilisoma ualimu chuo cha umma, jina naliacha. Kulikuwa na somo la lazima la mwaka wa kwanza lililochanganya karibu kozi zote. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi, waliochelewa wakasimama nje wakichungulia dirishani na madaftari mkononi. Kipaza sauti kilikuwa kinakata kila baada ya sentensi mbili, sisi wa nyuma tunaandika kwa kukisia. Mhadhiri anasoma slaidi kama zilivyo, akimaliza anafunga kompyuta mpakato yake anaondoka, swali lako utajua mwenyewe pa kulipeleka. Jioni CR (kiongozi wa darasa) anatupia PDF kwenye kundi la WhatsApp, tunakwenda stesheneri kuchapa desa, yaani notisi za somo. Haikuchukua muda ukumbi ukabaki nusu, watu wameshajua desa linatosha.

Muhula ule ule, chuo kile kile, jamaa yangu tuliyetoka naye Advance (kidato cha tano na sita) alikuwa jiolojia. Darasa zima lilikuwa linaenea kwenye Coaster. Mhadhiri anawajua kwa majina, usipoonekana anauliza "fulani yuko wapi?" Akifanya vibaya jaribio anaitwa ofisini, anaonyeshwa alipokosea, anarudi chumbani na karatasi yenye wino mwekundu kila mahali. Huyo ukimuuliza kuhusu chuo chetu atakwambia hajawahi kufundishwa vizuri namna ile. Mimi ukinikuta mwaka wa kwanza ningekwambia nimejifundisha mwenyewe.

Wapo watakaosema tatizo ni uvivu wa wahadhiri. Wavivu wapo, ila tuangalie hesabu pia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 pale mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, wanafunzi wote hawakufika ishirini, na wote walikuwa wa sheria. Leo kozi moja ya ualimu ina mamia. Shule za kata zilipoanza kumwagika kuanzia miaka ya 2000, waliomaliza kidato cha sita wakaongezeka, vyuo vikaongezwa (vyuo vikuu vishiriki vya elimu DUCE na MUCE 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma 2007), Bodi ya Mikopo nayo ikaanza kazi 2005. Watoto wa wakulima tukaingia, na mimi ni mmojawapo, kwa hiyo silaumu. Lakini kumbi, wahadhiri na vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Kilichoniokoa ni vimbweta. Kwa wasiojua, ni zile meza na viti vya zege chini ya miti ambapo watu wanafanya diskasheni. Seminaa zetu zilikuwa kwa Kiingereza na kimya kilikuwa kikubwa, mtu anajua jibu ila anaogopa kuvunja sarufi mbele za watu. Kimbwetani ni Kiswahili mwanzo mwisho. Kuna siku tulikwama kwenye Piaget, ile habari ya mtoto mdogo kutoelewa kwamba kiasi cha kitu hakibadiliki umbo likibadilika. Desa lina kurasa nne juu ya jambo hilo na hakuna aliyeelewa. Dada mmoja wa Kigoma akachukua chupa ya maji, akamimina yote kwenye hotipoti tupu ya mwenzetu, akasema: "Mtoto wa miaka minne mwambie achague. Atakwambia kwenye chupa yalikuwa mengi, kwa sababu yalisimama juu." Imeisha hiyo. Kwenye UE (mtihani wa mwisho wa muhula) swali likaja, nikaandika hotipoti na chupa, kwa Kiingereza changu cha kuunga unga.

Sasa malazi, na hapa ndipo watoto wanapoumia.

Hosteli za chuo hazitoshi wote, karibu vyuo vyote vikubwa. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliongezewa majengo 20 mwaka 2017, yale ya Magufuli, ya watu 3,840, na bado ukipita Changanyikeni, Msewe au Makongo unakuta nyumba zimejaa wanafunzi. Ukikosa kitanda una njia mbili: kubebwa au geto, yaani chumba cha kupanga mtaani.

Kubebwa maana yake rafiki aliyepata kitanda anakulaza kwake. Kitanda cha futi mbili na nusu, mnalala mzungu wa nne, miguu ya mwenzako usoni. Mchana begi lako linakaa chini ya kitanda kana kwamba si la mtu. Wadeni (msimamizi wa hosteli) akifanya msako saa nne usiku mbebwa anajifanya amekuja kuazima desa. Nimebebwa muhula mzima. Niliyebebwa naye ndiye aliyekuja kuwa mshenga wangu, kwa hiyo siwezi kusema ilikuwa balaa tupu, ila kusoma usiku sahau.

Geto nalo lina hesabu zake. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Bumu, yaani posho hiyo ikitoka kwa mkupuo, la siku 60 ni 600,000. Mtoto anaona 600,000 anapagawa. Haya, chumba cha 60,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo 360,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, imekuwa 420,000. Zimebaki 180,000 za siku 60, yaani 3,000 kwa siku, kula, nauli, LUKU, vocha na kuchapa madesa. Bado godoro. Na hapo ni kama bumu limetoka kwa wakati na jina lako halijarudishwa kwa kukosea namba ya akaunti.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujajaza chuo, tafuta mtu aliyesoma KOZI hiyo pale, sio aliyesoma chuo hicho. Muulize mko wangapi darasani, seminaa zipo kweli au zipo kwenye ratiba tu, na mwaka wa pili na wa tatu mnalala wapi. Hayo hayapo kwenye kitabu cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu).

Karibuni.

---

Nipo Siti ya Mbele

Uzi mtamu. Nimekaa, karanga ninazo.

---

Mkulima Msomi

Mkuu umeongea, ila vyuo vingine mazingira yenyewe yanafundisha. Mimi ni zao la SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Kule huwezi kumaliza kwa desa peke yake. Unaamka asubuhi Uluguru imefunikwa ukungu, unavaa buti, unakwenda shambani kupima mstari kwa mstari nafasi za mahindi. Ukikosea mhadhiri anakuona hapo hapo, sio kwenye karatasi ya mtihani.

Na wa kampasi ya Mazimbu wanakaa mahali penye historia ambayo wengi hawaijui mpaka wanaondoka. Ile ilikuwa shule ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, SOMAFCO, eneo walilopewa na Tanzania 1977. Mwaka 1992 walivyokuwa wanarudi kwao majengo yakakabidhiwa kwetu. Makaburi yao yapo pale pale. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunapita tukienda darasani bila kusoma hata jina moja, mpaka walipokuja wageni kutoka Afrika Kusini wakasimama kulia, ndio tukaanza kuulizana.

Darasa letu lilikuwa la wastani. Ubaya wa fani yetu ni fildi (mafunzo kwa vitendo). Posho inaisha kabla ya fildi, na fildi yenyewe ni kijijini, unamtegemea bwana shamba akupe lifti ya pikipiki.

---

Komredi wa Thika Road

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nimesoma nikacheka, kumbe hata nyinyi! Huku Nairobi hiyo kubebana yenu sisi twaita kupaireti, chumba cha wawili mnaishi wanne, na siku ya ukaguzi jiko na pasi ya umeme vyote vinaingia kabatini. Geto yenu ndiyo bedsita yetu. Lendilodi wa karibu na chuo anajua HELB (mkopo wa serikali) imetoka kabla hata mwanafunzi hajajua.

Tofauti ninayoiona ni kwamba tangu 2023 serikali yetu ilibadilisha mfumo wa kufadhili masomo, familia zikapangwa kwa makundi kulingana na mapato. Wengi walijikuta katika kundi lisilo lao, mtoto wa mama mboga amewekwa na watoto wa wenye kazi za ofisini. Kukata rufaa ni kazi ya ziada. Kwa hivyo huku swali la kwanza si "utalala wapi", ni "umewekwa bendi gani".

Kwa ufundishaji niseme ukweli: nilipata walimu wazuri sana wa fasihi. Mmoja alikuwa akija na kitabu kimoja tu mkononi, hana slaidi, na saa mbili zinapita hujui.

---

Binti Usagara

Mmesahau upande wetu. Geto kwa mvulana na geto kwa msichana si kitu kimoja. Mvulana anatoka maktaba saa tano usiku anatembea na hedifoni masikioni. Mimi ilibidi niondoke saa moja, kwa sababu kutoka stendi mpaka nyumbani kulikuwa na kichochoro kisicho na taa. Kwa hiyo nikilinganishwa na mwenzangu wa hosteli, kila siku nilikuwa napoteza masaa manne ya kusoma, na mtihani ni ule ule. Wazazi wenye binti, kama hosteli ikipatikana hata kwa gharama kidogo zaidi, lipeni.

La pili nitalisema kwa kifupi. Niliyekuwa nakaa naye alizuiliwa alama zake na mhadhiri, akaambiwa aje kuzifuata sehemu ambayo si ofisini. Hakwenda. Alichukua zile jumbe, akamwonyesha CR, wakaenda pamoja dawati la jinsia la chuo. Alama zilitoka. Wadogo zangu mjue hiyo ina jina kisheria: rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure 113. Usifute jumbe kwa hasira, ndio ushahidi wako. Na usiende peke yako.

Baada ya hapo niseme na mazuri, maana yapo. Msimamizi wangu wa utafiti wa mwaka wa tatu alikuwa mama mtu mzima, alisoma rasimu yangu mstari kwa mstari na kalamu ya risasi. Alinirudishia sura ya pili mara kadhaa mpaka nikamchukia. Kazini leo ndiyo ninayoishi kwayo.

---

Mzee wa Hall Five

Vijana mnalalamika sana. Enzi zetu Mlimani, miaka ya themanini, kitanda, chakula na vitabu vilikuwa juu ya serikali. Unaingia kantini na kitambulisho, unakula.

---

Mbeba Madesa

Mzee wangu shikamoo. Sasa hapo unatupa somo au unatutia uchungu? 😂

---

Mzee wa Hall Five

Marahaba. Subiri nimalize. Kitanda cha bure tulikipata baada ya kupita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) mwaka mzima, kwa lazima, na waliokuwa wanaingia chuo walikuwa wachache mno. Darasa letu la Advance, mkoa mzima, tuliovuka mwaka ule tungejaa kwenye meza moja ya kantini. Na kila kitu kilikuwa kinakwenda chini. Vitabu vya maktaba vilichanwa kurasa, maji yanakatika, na mwaka 1990 serikali ilikifunga chuo baada ya migomo, watu wakarudishwa makwao kwa miezi. Miaka ya tisini ndipo kuchangia gharama kukaja, na kantini ya bure ikaisha.

Kwa hiyo msidhani kulikuwa na zama za dhahabu. Ila hoja ya idadi ya darasa naiunga mkono kwa mikono miwili. Sisi mwalimu alikuwa anatusahihishia insha, anatuita wanne wanne tunabishana naye. Sijui leo mwenye wanafunzi mia nane afanye nini.

---

Mwalimu wa Namtumbo

Nimeona wote mnaongelea vyuo vya kukaa. Mimi nilisoma Chuo Kikuu Huria nikiwa nafundisha sekondari. Chuo kimeanzishwa kwa sheria ya 1992, masomo yakaanza 1994, na kina vituo mikoani, kwa hiyo suala la kitanda kwangu halikuwepo, nililala kwangu na mke wangu.

Uzuri: hakuna anayekusomea slaidi. Ubaya: hakuna anayekusomea chochote. Nilikuwa nasoma usiku baada ya kusahihisha madaftari ya watoto, mtandao unashika nikisimama karibu na tanki la maji, najibu maswali ya majadiliano kwa simu. Kwenye mitihani napanda basi mpaka kituo cha Songea. Wenzangu tulioanza pamoja wengi waliacha njiani, si kwa kushindwa masomo, ni upweke. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanajiunga wakidhani ni njia rahisi. Kama huna nidhamu ya kukaa mwenyewe na moduli, nenda kabanane ukumbini na wenzako.

---

Jicho la Tatu

Naongezea jambo ambalo hakuna aliyeligusa: matokeo. Nilifanya jaribio, nikasaini karatasi ya mahudhurio, mwisho wa muhula mfumo unaonyesha sina alama. Bila alama za muhula, ambazo kwetu zilikuwa 40 kati ya 100, UE hata upate 50 kati ya 60 bado unaonekana hujakamilika. Nilizunguka idara, kutoka idara kwa mratibu, kutoka kwa mratibu kwa mhadhiri ambaye yuko safari. Kilichonitoa ni kwamba nilikuwa nimepiga picha karatasi yangu iliyosahihishwa siku tuliyorudishiwa. Kila karatasi mkirudishiwa, piga picha. Matokeo yakibandikwa ubaoni, piga picha. Na kama una shaka na alama za UE, kanuni za mitihani zinaruhusu kukata rufaa ndani ya muda maalumu kwa ada, wengi wanajua muda ukishapita.

Halafu wadogo zangu muelewe GPA, yaani wastani wa alama zako zote za chuo, mapema. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5. Watu wanaishi mwaka wa kwanza kwa starehe wakisema watakaza mwaka wa tatu. Alama za mwaka wa kwanza zinahesabika sawa na za mwisho, na ndio mwaka ambao hulali vizuri, hujui stesheneri iko wapi wala CR ni nani.

---

Mtoto wa Pangani

Jamani mbona uzi wote kilio? Chuo ni raha bwana. Mechi za vitivo, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi na wagombea wanaahidi maji ya moto, kwaya za wanafunzi Wakatoliki na Waprotestanti zikishindana Jumapili, wanafunzi Waislamu na futari ya pamoja mwezi wa Ramadhani. Mimi nilitoka nyumbani sijawahi kukaa meza moja na Mchaga wala Mhaya, nimetoka chuo nina ndugu kila mkoa. Hosteli yetu maji yalikuwa yanatoka usiku wa manane tu, tunaamka wote kujaza madumu, pale kwenye foleni ya bomba ndipo nilipompata mke wangu.

---

Nipo Siti ya Mbele

Mkuu wa Pangani, ulimbebea dumu au uliruka foleni yake?

---

Mtoto wa Pangani

Niliruka foleni. Akanitukana. Mengine ni historia.

---

Kidato cha Sita

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote. Nimechaguliwa ualimu wa sayansi, hosteli bado sijajua. Mzee wangu ameuza mbuzi, nina laki tatu na nusu ya kuanzia, mkopo nimeomba na majibu bado. Je, nikodi chumba kabisa au nisubiri? Na godoro natoka nalo nyumbani Singida?

---

Mbeba Madesa

Marahaba mdogo wangu. Usimpe dalali hela ukiwa Singida, hata akutumie video ya chumba. Omba hosteli siku ile ile mfumo ukifunguliwa, mwaka wa kwanza mara nyingi wanapewa kipaumbele. Nenda na wiki moja mkononi kabla ya masomo, fikia kwa ndugu au mtu wa kanisani, msikitini kwenu. Ukikosa hosteli tafuta wawili wa kozi yako mgawane chumba kimoja na mwombe mwenye nyumba miezi mitatu mitatu, wapo wanaokubali wakiona mko watatu na mzazi amepiga simu. Kagua LUKU kama ni yenu peke yenu au ya nyumba nzima, hapo ndipo ugomvi wote unaanzia.

Laki tatu na nusu usiiguse zaidi ya laki moja na nusu kabla ya majibu ya mkopo. Sayansi utakuwa na maabara, koti jeupe nunua la mtumba, vikokotoo uliza waliomaliza wanauza.

---

Binti Usagara

Na godoro usibebe, nauli ya mzigo itakula bei yake. Nunua huko huko la futi mbili na nusu, waliomaliza huwa wanaacha kwa bei ya kutupa mwezi wa saba, uliza kwenye kundi la kozi yenu. Toka nyumbani na shuka mbili, neti, ndoo yenye mfuniko na kufuli. Kufuli lisiwe la elfu mbili.